Kambi ya Walimu Wanaodanganya Asubuhi

Zaituni mwanangu,

Mambo ya sweta, dawa ya mswaki na namna ya kulipakata begi ndani ya basi mama yako ameshakueleza, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Nimebaki ofisini baada ya wenzangu kutoka. Nimefunga dirisha la masjala ili upepo wa kiangazi usinipeperushie karatasi, na ninakuandikia. Nyumbani nisingeweza. Ungeniona na kalamu ungeuliza ninaandika nini, ningekujibu "mambo ya kazi," ungeniangalia kwa yale macho yako ya kusubiri, na barua ingekufa hapo hapo.

Kesho alfajiri unatoka Tabora kwenda Dodoma, kwenye kambi ya likizo iliyotugombanisha nyumba nzima. Ninataka uondoke ukijua kwa nini nilikuwa na woga, na kwa nini nimekuruhusu hata hivyo.

Kwamba mimi ni mwoga unajua. Hujawahi kulisema, lakini umeshasimama na baiskeli barabarani ukinisubiri nirudi kuangalia kama kweli nimelifunga kabati la majalada, ambalo nilikuwa nimelifunga mbele ya macho yako. Watu huuita huo uangalifu, na kazini umenisaidia. Karani anayesoma jalada mara tatu hapati matatizo. Lakini wewe ni mtoto wangu na umeshakua, kwa hiyo nikueleze uangalifu huo ulianzia wapi.

Nilipokuwa na umri kama wako, Baba Mkubwa wako, kaka yangu, alinichukua kwenda naye Kigoma kwa treni. Njiani tulivuka mto Malagarasi. Sijawahi kuona maji mengi namna ile, mapana na matulivu, na ndege wamesimama ndani kana kwamba wanasubiri kuhudumiwa. Nikamuuliza maji yale yanakwenda wapi. Akaniambia, "Ziwa Tanganyika, huko huko tunakokwenda sisi." Nilifurahi sana kusikia kwamba mimi na mto tunasafiri pamoja.

Baadaye shuleni mwalimu wetu akaandika ubaoni kwamba Malagarasi unaishia Ziwa Viktoria. Sijui kama alipitiwa au hakujua. Mtihani ulipokuja, swali likawa lile lile. Jirani yangu wa dawati aliandika Tanganyika, akapigiwa mkasi wa kukosa, akabisha, akapelekwa kupiga magoti nje kwenye changarawe. Mimi niliandika Viktoria. Nilikuwa nimeuona mto ule kwa macho yangu, nikaandika Viktoria kwa mwandiko mzuri, nikapewa alama ya vema.

Nikawa wa kwanza darasani. Baba Mkubwa akanishonea kaptula mpya kwa furaha, nami nikaivaa.

Nisikudanganye kwamba siku ile nilijisikia vibaya. Nilijisikia salama. Huo ndio ubaya wake. Nimeendelea kujisikia salama kwa namna hiyo hadi nimekuwa mtu mzima mwenye meza, mhuri na ufunguo wa kabati, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja niliyomwambia aliye juu yangu, "Samahani, hilo umelijuaje?"

Ndiyo maana mwalimu wako wa sayansi alipotuletea habari za kambi hii, nilizisoma nikaona kama zimeandikwa ili kunitisha mimi. Kwamba hakuna mahubiri ya dini yoyote. Anayetaka kuswali au kusali ataonyeshwa mahali, na asiyetaka hataulizwa. Kwamba kila asubuhi mwalimu mmoja huwaambia watoto uongo mmoja, kwa makusudi, ameuchanganya na mambo ya kweli, na kazi ya watoto ni kuukamata kabla ya jioni. Kwamba neno linalosikika kule kuliko yote ni "unajuaje?" Mama yako alicheka akasema, "Mbona huyu wa kwetu ameshafuzu, wamlipe afundishe." Mimi sikucheka. Niliiweka karatasi chini ya redio.

Halafu nikafanya lile unalolijua. Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba unakwenda kambi ya hisabati.

Nilikuwa na sababu zangu. Mtu huyu ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Alisimamisha mambo yake, akakaa kwenye cherehani ya baba, na kila kanzu na kila sare iliyopita kwenye mikono yake ilinisogeza mimi darasa moja mbele. Sijawahi kumpinga. Nilidhani kumdanganya ni heshima zaidi kuliko kumbishia. Sikufikiria kwamba ungepita kwenye chumba chake cha kushonea, akuulize kwa upendo, "Mwanangu, hiyo hisabati yenyewe mtafundishwa nini?" nawe ukamweleza kila kitu hadi uongo wa asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyekuambia ufiche.

Jioni ile ile alikuja nyumbani. Ulikuwepo, lakini ninataka ujue mimi nilionaje.

"Hisabati," alisema, hata kabla ya kukaa. "Mdogo wangu, mimi napima watu kwa utepe tangu wewe hujaota meno. Hisabati naijua. Hiyo si hisabati."

Mimi nikatazama mkeka. Akakugeukia wewe.

"Hivi mwalimu mzima anawadanganya watoto asubuhi?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa, ila kwa makusudi."

"Kwa makusudi ndiyo mbaya zaidi! Nanyi mnafanyaje?"

"Tunautafuta uongo hadi jioni."

"Na msipoupata?"

"Basi mtu analala nao."

Mama yako akajifanya anatengeneza taa. Baba Mkubwa akaniambia mimi, siyo wewe, "Unasikia? Leo atauliza unajuaje kuhusu mito na milima. Kesho atauliza kuhusu kufagia usiku. Keshokutwa atamuuliza nani?" Akaonyesha juu kwa kidole.

Nawe ukasema, kwa adabu kabisa, "Kufagia usiku nimeshauliza."

"Umemuuliza nani?"

"Nimefagia. Kwenye chumba chako cha kushonea, baada ya magharibi, ukiwa msikitini. Wiki nzima. Nilitaka kuona kama kweli baraka inatoka na taka. Nilikuwa naangalia wateja."

Nilifumba macho. Nikasikia mama yako anauliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeshindwa kujizuia, "Ehe?"

"Wiki ile ndiyo ilikuja ile oda kubwa ya sare za shule," ukasema. Kisha ukaongeza, "Lakini wiki moja haitoshi, Baba Mkubwa. Inabidi nirudie."

Kicheko kilichotoka barazani wakati ule kilikuwa cha Bi Chausiku. Alikuwa ametuletea kalimati, akasimama nje na sahani yake kusikiliza. Wewe umemkuta tu jirani yetu huyu, hujui alikotoka. Ni Mzaramo, aliletwa hapa na marehemu mumewe aliyekuwa mtu wa reli. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, popote, wala huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, wewe ndiye uliyekosa adabu. Siku ya msiba wa babu yako, Bi Chausiku alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti yake ile ile kwamba wamechelewa na chai imepoa. Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja. Nilikuwa mdogo, na ndiyo saa pekee ya msiba ule ninayoikumbuka bila maumivu.

"Hodi watumwa wangu!" alisema akiingia. "Nimesimama hapo nje nasikia Wanyamwezi wazima wanatishwa na ufagio."

"Bi Chausiku, hiki ni kikao cha familia," Baba Mkubwa alisema.

"Ndiyo nimekuja kukifunga, maana bila Mzaramo mtakesha. Mababu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi Bagamoyo, mwezi kwa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kifurushi kina nini. Wakifika kwetu tunawauliza, jamani mmebeba nini? Hawajui! Leo Mungu kawapa mmoja anayeuliza, mnataka kumfunga kamba mguuni."

Tulicheka. Baba Mkubwa naye huwa anacheka kuliko wote Bi Chausiku akimwita mtumwa wake; hurudisha na lake, nao hushindana hadi chai ipoe. Safari hii hakucheka. Bi Chausiku hakuona, akaendelea, "Wewe mtumwa wangu mkubwa, hebu sema kweli. Ulishawahi kumuuliza baba yako ninyi mlifikaje mji huu?"

Baba Mkubwa alichukua kofia yake gotini akaivaa.

Nilijua kwamba nisiposema kitu wakati ule, sitasema tena. Nilisimama kutoka kwenye mkeka. Nilisema, "Kaka, nilikudanganya kuhusu hisabati. Kosa ni langu, mtoto hana kosa. Lakini atakwenda."

Alinitazama kama anayepima mtu asiyemjua. "Mpeleke," alisema. "Ila msinipitie kuniaga."

Hujaniuliza ninajisikiaje tangu siku ile, na ninakushukuru kwa kutoniuliza, ingawa huko uendako huenda wakakufundisha kwamba ungepaswa. Ninajisikia kama mtu aliyevuka barabara bila kutazama. Kila siku ninapita mbele ya chumba chake. Namsalimia, anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye cherehani. Wewe pia anakuitikia hivyo. Nimekuona ukisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Kwa hiyo sikiliza. Ninakwambia mambo haya kwa kuwa nimeyalipia, wala siyo kwa kuwa mimi ni baba.

Ulipotoa lile jibu la ufagio ulikuwa sahihi, na nilikuona ulivyofurahi kuwa sahihi. Hapo ndipo niliogopa kidogo, zaidi ya nilivyoogopa kambi. Kuna raha katika kumwona mkubwa amekosa la kusema, na raha hiyo haina uhusiano wowote na kuijua kweli. Lakini kisha ukasema wiki moja haitoshi. Hukulazimishwa kusema hivyo, ulikuwa umeshashinda. Neno hilo moja ndilo lililoniinua kwenye mkeka. Nilijiambia kwamba mtoto anayeweza kutilia shaka ushindi wake mwenyewe hawezi kupotea Dodoma.

Kuhusu dini, watu wameniuliza, nami nakujibu wewe. Mimi ninaswali, na nitaendelea kuswali, na nitakuombea kila siku utakayokuwa huko. Sikuapishi kwamba utarudi unaamini kila ninachokiamini. Imani yangu niliipata kama nilivyoipata Viktoria, kwa kunakili, na ilinichukua miaka mingi ya ukubwani kuirudia kidogo kidogo hadi ikawa yangu. Sipendi upite njia ndefu namna hiyo. Ukiona jambo ambalo huwezi kulikubali, liseme. Ukiona jambo ambalo huwezi kuliacha, liseme pia, hata kama wenzako kule watakucheka. Kambini nako kutakuwa na ubao, na mtu mbele yake, na watoto wanaotaka kupewa vema. Uwe macho na huko pia.

Hofu yangu ya mwisho ni ndogo, na ninaona aibu kuiandika. Ninaogopa utarudi, utaniangalia kwa akili hiyo iliyonolewa, na utaona udogo wangu wote. Nimeifikiria sana hofu hii wiki nzima, hata nikihesabu majalada. Nimefikia kwamba udogo wangu umeshauona siku nyingi, na bado jioni unaniletea kiti. Basi haina

*

Nimerudi. Nilikatishwa na mlinzi aliyegonga dirisha akasema, "Karani, kuna mzee anakuulizia getini. Hataki kuingia."

Alikuwa Baba Mkubwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi hapa hajawahi kufika. Alikuwa amesimama juani, utepe wake bado uko shingoni, kama mtu aliyeinuka kwenye cherehani katikati ya mshono akaanza kutembea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndiyo hapa unaposhinda?" Alilitazama jengo. "Watoto wa siku hizi, mnakaa ndani kama mitungi."

Nilimkaribisha kivulini ukutani. Akakataa kukaa. Akasema, "Yule Mzaramo ameniharibia usingizi."

"Ni utani tu, kaka."

"Najua ni utani. Utani mimi nimeanza kabla yako." Akauvuta utepe shingoni. "Nilimuuliza. Baba. Nilishamuuliza."

Nakuandikia kama alivyoniambia, kwa kuwa alitaka nikuambie. Alikuwa mtoto wa umri wako. Mwenzake mmoja wa madrasa alimtania kwamba watu wake hawakuja Tabora, waliletwa. Akakimbia nyumbani, akamkuta babu yako anakata kitambaa, akamuuliza: mzee wetu wa kwanza hapa mjini alikuja kwa miguu yake, mpagazi anayelipwa, au alikuja na kamba shingoni? Babu yako hakumpiga. Aliweka mkasi mezani taratibu, akatoka nje, na Ramadhani nzima hakusema naye neno. Wanafuturu sahani moja, hasemi naye.

"Tangu hapo," alisema, "nikawa nasema sisi ni Wanyamwezi, basi. Wakisema watani nacheka. Nacheka kuliko wote. Na wewe nikakulea hivyo hivyo. Ukiuliza kitu nakupa kaptula."

Nimelelewa na mtu huyu, nimekula mkononi mwake, na jambo hili sikulijua. Nilisema tu, "Kaka."

"Hao walimu wa uongo wa asubuhi," alisema. "Wanaweza kumfundisha mtoto namna ya kutafuta jambo ambalo wote waliolijua wameshakufa?"

"Sijui, kaka."

"Sasa na mhuri wote huo, unajua nini?"

"Najua kwamba atawauliza."

Hapo akacheka, kidogo, kwa pua. Akasema anayo majina mawili ya wazee aliyoyasikia kwa bibi yake, ambayo si ya Kinyamwezi, na hajawahi kumtajia mtu. Akasema ukirudi mtakaa wawili, na Bi Chausiku asisogee karibu hadi mmalize. Nikamwambia basi linaondoka saa kumi na mbili. Akasema hakuuliza saa. Halafu akasema atakuwepo.

Alikuwa ameshafika barabarani aliporudi nyuma.

"Mwambie kama ni kamba, aseme kamba. Nimeshakuwa mzee. Asiniletee jibu la kunifurahisha."

Jua linashuka na mlinzi anataka kufunga geti, kwa hiyo nimalizie. Kesho stendi utamkuta. Usimhurumie, hajaja kuhurumiwa. Msalimie vizuri, kisha muulize hayo majina mawili kabla hujapanda, uyaandike mbele yake na umsomee ahakikishe. Huenda nikageuza uso kwa woga, kama kawaida yangu, lakini wewe muulize kwa sauti. Usiongoje hadi urudi. Nami nitakuwa nimesimama pale karibu, na ninataka kuyasikia.

Baba yako